Mama Chupa na Dakika ya Sabini

Saa moja asubuhi pikapu imeshaliacha lango la kiwanda cha kutia nguo rangi, inaelekea maabara. Mama Chupa amelibana dumu la lita ishirini katikati ya magoti. Maji yaliyomo ni ya zambarau iliyoiva, na kila kona yanamrukia sketi.

"Leo yakikataa kutakata, utayanywa?" dereva anamchokoza.

"Nitakunywesha wewe kwanza, shemeji. Tumbo unalo."

Anatania, lakini roho iko juu. Jumatatu kiwanda kinaanza kuchimba tanki la kusafishia maji hayo, na ukubwa wake utatokana na hesabu ya maabara. Ikikosewa, rangi itateremka hadi kwenye mfereji ulio nyuma ya nyumba yake, wanakochezea wajukuu.

Mama Chupa ni mhudumu wa maabara. Shule aliiacha darasa la sita. Huosha chupa, na huchota sampuli kila dakika mbili wakati dawa inaila rangi ndani ya maji. Mtafiti, binti wa umri wa kitinda mimba wake, huzipima kwa mashine, kisha hutafuta kasi ya rangi kuondoka.

"Rangi haiondoki ovyo, mama," alimweleza. "Inaondoka nusu. Halafu nusu ya iliyobaki. Halafu nusu tena."

Hesabu ya kwanza ilisema nusu huondoka kila dakika sita. Ikiondoka nusu mara saba, kufikia dakika ya arobaini na mbili maji yawe yametakata. Walijaribu kwenye pipa mara tatu. Mara tatu maji yaligoma.

Mtafiti akakagua hesabu mpaka macho yakawa mekundu. Mama Chupa akakagua chupa. Zilizongoja sana foleni ya mashine zilikuwa zimepauka kuliko alivyozichota.

"Mwanangu, nikuulize la kijinga? Chai ukiipua na majani yakabaki ndani, si inazidi kukolea?"

"Inazidi."

"Basi sisi tunachota kwa kufuata saa, lakini dawa tunaiacha humo humo chupani. Inaendelea kula."

Mtafiti alishika kichwa. "Mama! Miezi mitano tunakosea!"

Toka siku hiyo kila sampuli hutiwa tone la kuizima dawa papo hapo. Nusu ikawa dakika kumi. Mara saba, sabini.

Sasa pipa linakorogwa. Ndani yake, chini kabisa ya maji, Mama Chupa amelaza kufuli la kabati lake. Dakika ya thelathini, giza. Hamsini, kivuli. Sabini, namba zilizochongwa kwenye kufuli zinasomeka.

Ameweka mkono kifuani. "Karatasi ya hesabu ilijua," ananong'ona. "Maji bado machafu, karatasi imeshajua."

"Huo ulozi," dereva anasema, akirudi nyuma hatua.

"Ulozi hauna dakika, shemeji."

Hayo yalikuwa mwaka jana. Tanki lilichimbwa kwa kipimo cha dakika sabini. Mtafiti alipata shahada, anafundisha. Dereva amehamia gari la wagonjwa. Wajukuu wanarudi kutoka mferejini na tope la kawaida. Kufuli liko kabatini. Mama Chupa bado anachota, na Novemba atafanya mtihani wa hesabu. Anataka safari ijayo nusu aitafute mwenyewe.