Karatasi Tatu Ukutani, Mtoto Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, dawa ya kuoshea sakafu na koti la kijani lililonizidi mabega. Ilikuwa miaka ya tisini, katika zahanati moja karibu na Makadara. Nilikuwa nimesoma shule ya msingi tu, tena mwoga wa kusema mbele ya watu. Kazi yangu ilikuwa uhudumu: kusafisha, kubeba wagonjwa, kutumwa.

Tulioogopa zaidi kuwapokea ni watoto wachanga wenye sepsisi, yaani maambukizi yameingia kwenye damu na mwili mzima unaanza kushindwa. Mtoto wa namna hiyo huonekana kama amelala tu. Kumbe anapoa, anapumua mbio, na ziwa hataki.

Ukutani palikuwa na miongozo mitatu ya kuwatibu. Mmoja ulitoka wizarani, wa pili kwa wafadhili, wa tatu uliachwa na daktari aliyehama. Kila mfanyakazi alishika wake. Matroni, muuguzi mkuu wetu, alikuwa mgeni, na kuona kila mtu na karatasi yake kulimkosesha raha. Alasiri moja alifunga mto kwa leso ya kubebea mtoto akanipa.

“Huyu ni mtoto. Amepoa, hanyonyi. Ingia naye pale mlangoni, tufuate karatasi moja moja kama ni mgonjwa wa kweli. Karatasi ikikutuma pasipokuwepo, simama.”

“Shika kichwa, baba mtoto,” Sista Mwikali, muuguzi wa chumba cha sindano, akanitania. “Ama huyu si wako?”

Walicheka. Mimi niliangalia chini nikatembea.

Karatasi ya wizara ilisema mtoto adungwe dawa za kuua viini, kisha akimbizwe hospitali kubwa. Ya wafadhili ilitaka kwanza atolewe damu ya kupimwa. Hatukuwa na maabara, nikasimama katikati ya ukumbi na mto wangu. Ya tatu ilikataza sindano yoyote kabla ya hospitali. Matroni alitia alama kwenye kila mstari: huu unawezekana hapa, huu unapingana na ule, huu hausemi dawa kiasi gani kwa uzito gani.

Hatukumaliza. Mama mmoja wa Makongeni aliingia na mtoto wa kweli ndani ya shuka.

“Tangu asubuhi hajalia,” alisema. “Hata nikimfinya.”

Matroni alimgusa miguu, uso wake ukabadilika. Sista Mwikali akavuta dawa kwenye sindano. Afisa wa kliniki, ambaye sote tulimwita daktari, akamzuia.

“Ngoja, Sista. Wakitaka kupima damu huko hospitali, dawa itakuwa imewaharibia majibu.”

“Gari liko wapi, daktari?”

“Dereva amesema anakuja.”

“Huyo huwa anakuja tu. Kufika ni siku nyingine.”

Hakuna aliyecheka. Mama alimtazama huyu, akamtazama yule.

“Kwani hamjui?” akauliza polepole.

“Dunga,” Matroni akasema. “Lawama ni yangu.”

Sindano iliingia pajani na mtoto hakulia. Gari lilipofika nilipanda nyuma pamoja na mama. Njia yote ya Jogoo Road sikuona nyumba wala watu. Niliona kile kifua kidogo tu, nikiogopa kupepesa macho.

Mtoto alipona. Dereva alipotuletea habari, Sista Mwikali alipiga kigelegele. Matroni alingoja anyamaze.

“Siku ile nilikuwepo,” alisema. “Je, ningekuwa likizo?”

Basi mto ukafungwa tena. Daktari mwenyewe alikwenda hospitali kuuliza, akarudi na jibu kwamba pasipo maabara mtoto asingojeshwe sindano. Karatasi mbili zikabanduliwa. Ile ya wizara iliyobaki wakaijaza kiasi cha dawa kwa kila uzito, na wote wakaizoea.

Baadaye nilihamishiwa vituo vingine, hadi nikastaafu. Wakubwa wangu wengi walikuwa hodari, na nyinyi vijana mnaoanza kazi hii mtakutana na wa namna hiyo. Lakini ninayemkumbuka ni Matroni, kwa sababu ya siku moja palepale zahanati, yeye ameshastaafu na mimi sijahamishwa bado. Aliletwa mtoto mwingine amepoa vilevile. Alidungwa palepale, akapelekwa, na hakuna aliyeuliza Matroni angesemaje.