Vitenge vya Nyota Nyeupe

Nakumbuka mkesha mmoja wa Noeli, mwanangu, nilipokuwa msichana wa koro, kwaya ya kanisa letu, hapa hapa Katuba. Lakini kaa kwanza. Asubuhi nimekusikia ukimgombeza fundi wako kwa simu kwa sababu nguo yako ya sikukuu haijawa tayari. Haraka haraka haina baraka, na chai bado ni moto.

Mwaka ule wanawake wa koro tulikubaliana kuvaa kitenge cha aina moja, cha bluu chenye nyota nyeupe. Unatujua watu wa Lubumbashi, Noeli bila nguo mpya tunaiona kama bukari, ugali wetu, bila mboga. Vitenge tulimpelekea Baba Yusufu, fundi Mwislamu mwenye asili ya Maniema, ambaye cherehani yake iliwavika Wakristo wa mtaa mzima. Alikuwa akitutania kwamba Noeli yetu anaijua kuliko sisi, maana yeye huanza kuisherehekea na mkasi wake mapema.

Aliyeikazania sare ile kuliko wote ni Maman Kabwe, mama mtu mzima aliyetufundisha kuimba. Kwake, mwimbaji aliyefunga kilemba ovyo alikuwa ameshauharibu wimbo.

Mchana wa mkesha tukaenda sote kuchukua nguo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, njia zimekuwa uji, na mlango wa fundi tukaukuta umefungwa. Tukagonga. Tukagonga tena, na kelele zikapanda, kila mmoja na lake. Mimi nilikuwa niimbe peke yangu mbele ya kanisa zima, basi nilijisogeza mbele kabisa. Baba Yusufu akafungua kidogo, utepe wa kupimia ungali shingoni.

"Bamama, munisamehe," akasema. "Bibi yangu iko na uchungu tangu asubui. Nilienda kutafuta taxi, yote inakataa kuingia mu matope. Manguo haiyaisha."

Tulimsikia mkewe akiugulia uchungu wa uzazi ndani. Hata hivyo mmoja wetu, simtaji kwa kuwa Mungu alishamwita, akasema, "Basi utupatie hata zile zenye imeisha."

Tukamgeukia Maman Kabwe, tukidhani atatutetea. Alikuwa akiutazama mlango ule. Halafu akasema polepole, kwa sauti ya chini ambayo kwenye mazoezi hatukuwahi kuisikia:

"Batoto, kesho tutaimba kama Maria alikosa nafasi mu nyumba ya bageni. Leo Maria iko humu ndani, na siye njo tuko ku mulango tunapiga makelele. Ile Noël, tutaiimbia nani?"

Aliingia ndani bila kutungoja, nasi tukamfuata kwa aibu. Tulimkalisha mama yule kwenye kiti, tukakinyanyua, tukawa tunapokezana kwenye matope mpaka barabara ya lami. Nilishika mguu mmoja wa kiti na nikaogopa sana, kwa maana alikuwa ameacha hata kulia, na Baba Yusufu alikuwa akitembea pembeni akiomba kwa sauti ambayo haikutoka vizuri. Taxi ilipatikana. Tulifika hospitali, na baada ya muda mrefu mtoto alilia.

Muuguzi akatoka kuomba nguo za kumfunga mtoto. Kwetu mama huenda nazo mwenyewe, lakini katika ile hofu na haraka Baba Yusufu alikuwa amebeba furushi lililokuwa karibu na mlango. Alipolifungua, ndani mlikuwa na vitenge vyetu ambavyo alikuwa hajavikata. Akainamisha kichwa. Maman Kabwe akavichambua kimoja kimoja mpaka akapata cha kwake.

"Mufunge mutoto mu hiki," akasema. "Huyu hawezi kungoya fundi."

Cha pili kilikuwa changu. Nikakitoa.

Siku ya Noeli tuliimba na nguo zetu za zamani, kila mmoja na rangi yake, na hakuna aliyetucheka. Nilipofika penye maneno ya kwamba Maria alimfunga Mtoto nguo za kitoto, sauti ikanikatika nikalia mbele ya watu. Maneno yale nilikuwa nimeyaimba kila mwaka. Siku ile nguo ilikuwa yangu.

Wazazi walitualika siku ya kumpa mtoto jina. Alikuwa msichana, wakamwita Mariamu. Maman Kabwe alimpakata hadi usingizi ukampata mtoto, kisha na yeye mwenyewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyo ndiye Mgeni wetu wa Noeli, mwanangu. Mungu hakungoja dunia ivae vizuri ndipo aje. Alikuja uchi, akategemea kitambaa cha mtu. Basi vaa upendeze, sikukatazi, mimi mwenyewe napenda kupendeza. Ila nguo ikikufanya upige kelele mlangoni pa mtu bila kuuliza ndani kuna nini, hiyo ivue.

Sasa nenda kwa fundi wako, umwulize kwanza ameamkaje. Huyo Mariamu unayemgombeza, nguo yake ya kwanza duniani ilikuwa kitenge cha Maman Kabwe, na ya pili ilikuwa changu.

Mungu akupe mlango usio mgumu kufunguka, na Mtoto akija akukute nyumbani.