Masika na Biira Wako Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kinyamaseke, nilikabidhiwa darasa la pili, kipande cha chaki na onyo. Mwalimu mkuu alikuwa amepitia jeshini kabla ya kusomea ualimu, na watoto walimwita Afande akishageuza mgongo. Alinisimamisha mlangoni akasema, "Wewe mwalimu mpya, sikia. Fungua kitabu, soma, watoto iseme nyuma yako, funga. Maswali hapana."

"Ndiyo, afande," likanitoka. Akatabasamu kidogo, nikapona.

Basi tukasoma. Mimi sentensi, wao sentensi, darasa zima likiimba kama kwaya ya Pasaka. Nilijiona mwalimu hodari. Mara nikamwona msichana wa dawati la mbele anasoma kwa sauti nzuri, hakosi neno, na kitabu amekishika juu chini. Nikawaambia wote wageuze vitabu vyao juu chini turudie. Wakasoma vilevile! Nilicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaniisha. Kama hawa hawasomi, wanafanya nini? Swali hilo lilinikaa kichwani miaka yote niliyofundisha.

Nikahamishiwa Kisinga. Mwalimu mkuu wa huko alikuwa mama mtaratibu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha kile tulichokiita kutembea kwenye picha: kabla ya kusoma hata neno moja, watoto wanatazama michoro na kubahatisha huyu ni nani, anaishi wapi, kitampata nini. Alinionyesha pia kitabu cha darasa. Watoto wanasimulia hadithi za kwao, mwalimu anaziandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi za manila, wao wanachora, halafu kurasa zinashonwa kwa uzi wa katani na kutundikwa ukutani.

"Biira," aliniambia, "mtoto aanze na anachokijua. Ukimnyang'anya hicho, utamfundishia wapi?"

Mimi ni Biira, na hapo inabidi nieleze. Kwetu Wakonzo jina la kwanza halichaguliwi, linahesabiwa. Msichana wa kwanza kuzaliwa ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na kuendelea. Wavulana nao wana yao. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, ndugu zetu Wanande wana desturi hiyohiyo, ila Biira kwao ni Kavira, na Kabugho ni Kavugho. Mtu akikutajia jina, umeshajua amefuata dada au kaka wangapi. Wageni huona ni majina tu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bwera, darasa la nne, ambapo masomo yote hugeuka ghafla kuwa ya Kiingereza. Ndipo nilipompata Kavugho. Alikuja na bibi yake kutoka upande wa Butembo, Kongo, wakati wa vita, wakapewa chumba na mfanyabiashara mmoja wa Mpondwe, pale mpakani. Kwao alikuwa ameanza Kifaransa. Kwangu alikaa dawati la nyuma, hasemi, hachezi, na wenzake walimwita Mukongo.

Inspekta wa shule alipokuja kukagua, alimuuliza jina lake kwa Kiingereza. Kimya. Akamuuliza tena. Kimya.

"Mwalimu, huyu arudi darasa la kwanza," akasema. "Hana kitu."

Magoti ya Kavugho yasingeingia chini ya madawati ya darasa la kwanza. Tena nilijua mwisho wake. Mtoto mkubwa akishushwa chini namna hiyo hukaa muhula mmoja kwa aibu, halafu unamkuta sokoni amebeba gunia la watu. Nilimwomba inspekta anipe muda mpaka ziara yake nyingine. Akakubali, lakini kwa uso wa mtu anayeahirisha tu.

Muda si mrefu tukaletewa vitabu vipya vya hadithi kutoka Kampala. Kimoja kilihusu msichana anayeitwa Kabugho, mtoto wa pekee, anayeishi na mama yake kando ya ziwa. Nilifurahi kuona jina la kwetu kitabuni. Tukaanza kutembea kwenye picha, nikawasomea ukurasa wa kwanza, na Bwambale, mtoto mmoja mwenye mdomo usiotulia, akaruka juu.

"Teacha! Mutoto wa pekee namna gani? Masika iko wapi?"

"Na Biira?" mwingine akadakia.

Darasa likachafuka. Walipekua kitabu chote wakiwatafuta hao dada wawili. Kitanda kimoja, sahani moja, hakuna Masika, hakuna Biira. Mwandishi, nadhani, alipenda tu mlio wa jina. Ningeweza kuwaambia hivyo tukaendelea, lakini nilitaka kujua watasema nini. Nikauliza, "Haya, mnadhani wako wapi?"

Mmoja akasema Masika ameolewa Kasese. Mwingine akasema Biira anafua mashuka ya watalii kule Mweya. Wa tatu akasema walikufa na mwandishi aliogopa kusema. Hapo dawati la nyuma likalia. Kavugho alikuwa amesimama.

"Beko," alisema. "Masika eko kwa baba, Butembo. Kavira alikuwa anabeba sufuria. Tulisikia masasi ya bunduki, watu bakakimbia, tukapotezana naye mu njia." Akakinyooshea kidole kitabu changu. "Sasa mbona hii kitabu ilibasahau?"

Hakuna aliyecheka Kiswahili chake. Nilichukua karatasi ya manila nikamwambia, "Wewe usiwasahau. Tuandike."

Tuliandika kwa wiki kadhaa. Yeye alisema kwa Kiswahili chake, Bwambale akakigeuza Kilhukonzo, lugha ya kwetu, kisha darasa zima likapigana na Kiingereza, nami nikisahihisha. Alichora wasichana watatu barabarani, hata Masika aliyebaki kwa baba, na yule wa kati ana sufuria kichwani. Neno Mukongo lilipotea bila mimi kulikataza. Sasa walimwita kwa maswali: Kavira anapenda kula nini? Anaimba? Ana kovu? Anaimba, alisema, tena vibaya sana. Siku hiyo nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza, na mimi nikatoka nje kidogo nijifute macho.

Inspekta akarudi. Akazitazama kurasa zetu zilizoshonwa nyuma ya hadithi ya Kampala.

"Mwalimu, kitabu cha serikali hakiongezwi kurasa."

"Hatukuongeza, bwana. Zilikuwa zimeanguka."

Kavugho akaja mbele, akasoma ukurasa wake kwa Kiingereza, polepole, kidole chini ya kila neno. Inspekta akatikisa kichwa. "Amekariri huyu. Hata kasuku husema."

Nikakumbuka Kinyamaseke. Nikaichukua karatasi mikononi mwa mtoto, nikamrudishia juu chini. Kavugho akanyamaza. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Kisha akaigeuza, akatafuta mstari wake, akaendelea.

"Abaki," inspekta akasema.

Nimestaafu sasa. Vijana wa ualimu huja nyumbani kuniuliza mbinu, na mmoja wao ni Kavugho mwenyewe, yuko chuoni. Dada yake Kavira hajapatikana mpaka leo. Jirani mmoja alimshauri Kavugho aache jina lake hilo atumie la kanisani tu, maana kila akilitaja mtu humuuliza dada zake wako wapi, naye hurudi nyumbani ana huzuni.

"Wacha baulize," alimjibu mbele yangu. "Nikilitupa, ni nani atamuulizia Kavira?"

Kuuliza si ujinga, wazee walisema, na sasa ndiyo kazi niliyobaki nayo. Siku za soko nateremka mpaka Mpondwe, nikakaa na wanawake wanaovusha maharage na vitenge. Nikisikia mmoja anaitwa Kavira, namsogelea, namsalimia, namuuliza, "Na Kavugho wako yuko wapi?" Wengi hucheka, wakanijibu papo hapo: ameolewa Beni, yuko nyumbani na watoto, yule pale anapima mchele. Nawashukuru, nanunua kitu kidogo, naendelea. Namtafuta yule atakayenyamaza.