Kahawa ya Marehemu Hektor

Nimekunywa kahawa ya marehemu mbele ya mjane wake, huko Erdington, mtaa wa Birmingham, Uingereza.

Rosa, mwenzangu kazini, ni Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Huwatembelea Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wenye uraia wa Marekani wanaoishi hapa Birmingham, akiwahimiza wajiandikishe kwa kura ya mchujo ya urais wa kwao. Jumapili aliniomba nimbebee kompyuta hadi kwa Bi Elena, mjane mwenye asili ya Meksiko kama yeye. "Huyu mama akikataa, wenzake wote watakataa," aliniambia.

Bi Elena alikataa mlangoni. "Kura nilipiga na Hektor miaka yote. Sasa nipige na nani?"

Hata hivyo alituingiza ndani, wao wawili wakaenda kubishana jikoni. Mimi nikabaki sebuleni, mezani penye mishumaa, maua ya manjano, mkate na kikombe cha kahawa mbele ya kiti kitupu. Kwetu Mombasa mgeni akiandaliwa hasusi. Nikaketi, nikala mkate, nikamaliza kahawa. Picha ya mzee mwenye masharubu ilinitazama muda wote.

Rosa alirudi na Bi Elena, akashika kichwa. "We! Hicho ni cha mumewe! Leo ni Siku ya Wafu, Wameksiko tunawaandalia marehemu wetu waje kula!"

Nilisimama na makombo kidevuni. "Nisamehe, mama. Nilidhani kahawa ni yangu, maana ilikuwa ya moto."

Bi Elena alikigusa kikombe, asiutoe mkono. "Ya moto? Niliimimina alfajiri."

Akamwambia Rosa afungue kompyuta wajaze fomu. Nyumbani mle tulikuwa sisi watatu tu, na hakuna kati yetu aliyeipasha moto kahawa ile.