Mke Mwenzangu wa Miaka Minne

Kwenye semina ya walimu wa chekechea tuliulizwa kila mmoja ana tabia gani inayomsaidia kazini. Wenzangu walitaja uvumilivu, upole, upendo. Mimi uvumilivu sina, na uongo siuwezi. Nikasema utani. Walicheka, tukaendelea na mengine.

Muhula huo nilikuwa na binti wa miaka minne asiyesema kabisa. Wazazi wake, mlinzi na msusi wa hapahapa Troyeville, mtaa wa sisi wahamiaji, walikuwa wamemleta karibuni kutoka Lubumbashi. Hata nyumbani hakufungua kinywa. Mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya, alimwambia mama kwamba asipotamka neno mpaka shule ifungwe, nafasi yake atapewa mwingine. Nilikasirika, lakini hasira zangu zisingemfundisha mtoto kusema.

Nikamuuliza mama nani alimlea. Akasema ni bibi yake, kwa kuwa wao walitangulia kuja huku.

Basi nikajua pa kuanzia. Kwetu Tanga bibi humtania mjukuu wa kike kuwa ni mke mwenza, wakamgombea babu, na nikasikia kwao pia ndivyo. Mvi ninazo za kutosha. Kila asubuhi nikawa nampokea mlangoni kwa ugomvi, mikono kiunoni: mke mwenzangu, umempikia nini mume wetu? Mbona ananiambia uji wako una madonge? Watoto wengine, wasiojua Kiswahili, walicheka bila kuelewa neno. Yeye alinikodolea macho makali, nami nikayapenda, maana mtu aliyekasirika ana la kusema.

Ijumaa moja, mama yake akiwa bado amemshika mkono, nilimtangazia kwamba mume wetu anahamia kwangu.

"Hapana," akasema. "Ule bwana ni yangu. Weye uko muzee."

Mwalimu mkuu alitoka ofisini kuona nani anapiga vigelegele. Nilikuwa mimi. Mtoto hakucheka. Alisubiri ninyamaze, kisha akaniuliza bibi yake anakuja lini.

Nilimtazama mama, naye akatazama sakafu. Hapo nikaelewa. Mama alipiga magoti palepale mlangoni, akamvua mwanawe begi, akamwambia kile ambacho nyumba nzima ilikuwa imemficha tangu asafirishwe.

"Bibi alikufaka, mtoto yangu."