Mstari wa Baba Sakafuni

Kwa miezi minane ya mwisho ya maisha yake, baba yangu aliswali akielekea upande niliomwonyesha mimi. Hakuwa na namna. Kisukari kilikuwa kimemaliza macho yake, tulikuwa tumehamia ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, na msikitini hakuweza tena kwenda. Siku tuliyohama aliniomba jambo moja tu. Vyombo niviweke nitakavyo, ila kibla nisikikosee.

Kabla ya hapo tuliishi Kariakoo kwenye nyumba ya chini, ya vyumba sita na ukumbi katikati, tangu sijazaliwa. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la nyumba hiyohiyo. Mitaa ya Kariakoo imenyooka kama mistari ya daftari, lakini daftari lenyewe limekaa upande. Anayeswali chumbani hawezi kufuata ukuta. Lazima atandike mswala wake mshazari, uzikate kuta zote. Nilipokuwa mdogo nilidhani mswala wa nyumbani umesukumwa na mguu wa mtu, nikawa naunyoosha kila nikifagia, na mama, ambaye alifariki nikiwa kidato cha pili, alikuwa akiurudisha bila kunigombeza. Alisema nyumba ndiyo iliyopinda.

Baba alipoacha kuona kabisa, nilimwekea alama. Nilibandika utepe mpana sakafuni, na chini yake nikapitisha kamba nyembamba ya katani ili vidole vyake vya miguu viihisi. Akishuka kitandani alipiga hatua mbili, akaitafuta kamba kwa vidole, akasimama. Kitanda nacho nilikuwa nimekilaza sambamba na utepe, ili asilazimike kugeuka. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akipika chapati uani, alichungulia akauliza kama kitanda chetu kimelewa.

Kisha warithi wa mwenye nyumba wakaiuza. Tulipewa muda, tukatafuta, tukapata chumba na sebule mitaa mitatu kutoka pale. Nyumba yetu ilibomolewa wiki ileile tuliyohama. Sikwenda kuangalia.

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu nimalize chuo. Nilisomea ualimu wa hisabati, nikawa nasubiri ajira na kufundisha tuisheni jioni kwa watoto wa wenye maduka. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango narudi kuutikisa, nikituma barua ya maombi naisoma tena mpaka nione kosa ambalo halipo. Kwa hiyo suala la kibla nililichukua kwa uzito wote nilionao. Siku mbili kabla ya kuhama nilipiga magoti kwenye chumba cha zamani na kipimapembe cha plastiki cha wanafunzi wangu, nikapima pembe kati ya utepe na ukuta wa mbele, ule uliofuata barabara. Ilikuwa nyuzi thelathini na mbili. Nilipima mara tano.

Hoja yangu ilikuwa rahisi, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimeifundisha. Mistari miwili sambamba ikikatwa na mstari wa tatu, pembe zinazokaa mahali pamoja kwenye kila makutano huwa sawa. Mtaa wa zamani na mtaa mpya ni sambamba, ramani inaonyesha, na mtu yeyote anayetembea pale anajua. Ukuta wa zamani ulifuata mtaa, ukuta mpya unafuata mtaa. Kibla ni kilekile. Basi nyuzi thelathini na mbili kule ni nyuzi thelathini na mbili huku.

Simu nilijaribu pia. Nilizunguka nayo chumba kizima na mshale wake ukawa unabadili mawazo kila kona, kwa sababu ya nondo zilizojaa kwenye zege, nadhani. Nikaizima. Ningeweza kumwita mtu wa msikitini, dakika kumi tu. Nililiwazia hilo usiku mzima: nitamwambia nini, ataingiaje ndani vitu vikiwa bado kwenye viroba, atanionaje mtu mwenye shahada ya hisabati ninayeshindwa kupima pembe. Asubuhi nilipima mwenyewe.

Ukuta niliotumia ulikuwa wa nyuma ya chumba. Ule wa upande wa barabara ulikuwa kwa majirani, sisi tulikuwa ndani zaidi, na dirisha letu liliangalia ukuta wa jengo lingine kiasi kwamba jua hatukuliona likitoka wala likizama. Nilibandika utepe, nikapitisha kamba, nikakiweka kitanda sambamba. Baba akajaribu. Hatua mbili, kamba, akasimama. Alitabasamu akasema, "Profesa umeniweka sawa."

Aliniita Profesa tangu nilipopata daraja la kwanza kidato cha nne. Wateja wake wote walijua. Mtu alikuwa akileta suruali ipunguzwe, anaondoka na habari za matokeo yangu.

Siku ya tatu au ya nne alikuwa akikizoea chumba kwa mikono. Alipita ukutani taratibu, akaufikia mlango, akarudi, akafika kwenye kona karibu na kabati. Hapo akasimama muda mrefu. Aliweka kiganja kimoja ukuta huu, kingine ukuta ule, kama alivyokuwa akishika kola ya shati kuona kama pande zote zinalingana.

"Kona hii imefunguka, mwanangu," alisema.

Nilimwambia ni kabati. Lilikuwa halikai vizuri pale, lilikuwa limeacha nafasi nyuma, na mimi nilikuwa nimeshamlaumu fundi wa kabati na kuijaza nafasi hiyo mifuko ya plastiki. Baba akasema hasemi kabati, anasema kona. Basi nikaanza kumweleza. Nilimweleza mitaa, nikamweleza mistari sambamba, nikachukua mkono wake na kuchora kwenye kiganja chake mstari mmoja, halafu wa pili, halafu ule unaoikata yote miwili, nikamwonyesha kwa kidole pembe zinazolingana. Nilieleza vizuri sana. Sijawahi kumweleza mwanafunzi vizuri namna ile. Aliniacha nimalize, akaufumba mkono kana kwamba nimempa kitu.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Hakulitaja tena. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, vidole juu ya kamba, akasimama pale nilipomsimamisha. Nami niliswali nyuma yake kwenye mstari uleule.

Alifariki Jumanne asubuhi, baada ya kunywa uji. Baba mdogo, anayefanya kazi bandarini, alifika na nguo zake za kazi. Jirani wa mlango wa pili akawa amewaita watu wa msikitini. Mzee mmoja, ambaye kazi yake ni kuosha maiti, aliingia, akanipa pole, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Kisha akauliza kibla kiko wapi, ili wamlaze vizuri. Nilimwonyesha utepe. Nilionyesha kwa uhakika, kwa sababu katika mambo yote ya siku ile hilo ndilo nililokuwa na jibu lake.

Mzee aliutazama utepe, akatazama ukuta, halafu akatoka. Nilidhani amekwenda kuchukua kitu. Baba mdogo alimfuata, akaniambia baadaye kwamba mzee alisimama kwenye dirisha la ngazi, lile la kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ambapo msikiti unaonekana wote, mnara na ukuta wake wa mbele, ule wa kibla. Ngazi hizo nilikuwa nikizipanda kila siku na ndoo au mboga mkononi. Sikuwahi kusimama.

Mzee akarudi chumbani. Alishika mguu wa kitanda, Baba mdogo akashika mwingine, wakakisogeza. Kwa upande wa miguuni kilihama kama shibiri mbili, pungufu kidogo. Waliokuwa chumbani hakuna aliyeona ajabu, kitanda cha maiti husogezwa. Mimi niliona kitanda na utepe vimeacha kuwa sambamba.

Baada ya mazishi, wanawake walipokuwa bado sebuleni, niliingia chumbani nikaliondoa kabati na mifuko yote. Nilipima kona. Haikuwa pembe mraba. Ilizidi kwa nyuzi kumi na moja. Mwenye jengo alikuwa amekigawa kiwanja chake alivyoweza, akaupinda ukuta wa ndani, uleule niliopimia, ili apate vyumba viwili badala ya kimoja. Mtaa ulikuwa sambamba na mtaa. Ukuta wetu haukuwa sambamba na chochote. Kwenye vitabu, kabla ya swali, huandikwa kwamba mistari hii ni sambamba, na juu ya kila mstari huchorwa kishale kidogo ili usiwe na shaka. Nilikuwa nimevichora vile vishale mwenyewe, kichwani, kwa sababu jibu langu lilivihitaji.

Nilikwenda kwa imamu siku ya tatu. Nilimweleza kila kitu, mpaka idadi ya siku. Aliniambia kwa upole kwamba kupotoka kidogo namna hiyo hakuharibu swala, kwamba asiyeona humfuata anayemwongoza, na anayemwongoza akijitahidi akakosea hana lawama. Nikauliza kama naweza kumlipia zile swala. Akasema hakuna deni. Nikauliza tena kwa namna nyingine. Akanitazama, akauliza nimelala lini.

Namwamini. Swala zake zimepokelewa, sina wasiwasi na hilo, au nina wasiwasi mdogo. Kisichoniacha ni ile kona. Mtu aliyekata nguo miaka thelathini aliijua pembe mbovu kwa viganja vyake, akanieleza, na mimi nikamchorea mistari mkononi mpaka akanyamaza. Sijui kama aliamini. Huenda alisimama miezi minane kwenye mstari aliojua haujanyooka, kwa sababu ulichorwa na Profesa wake. Baba mdogo anasema niache, anasema kaka yake hakuwa mtu wa kunyamazia jambo la dini. Lakini Baba mdogo hakuwepo siku ile, hakuuona mkono ukifumbwa.

Bado ninaishi kwenye chumba hicho. Nilipima upya nikiwa nimesimama kwenye dirisha la ngazi, nikamwita yule mzee mwosha maiti aje ahakikishe, akaja, ilichukua dakika kumi. Nikabandika utepe mwingine. Wa zamani niliubandua, kamba nikaitoa, lakini gundi yake imekataa kutoka na imeshika vumbi, kwa hiyo mstari wake upo, mweusi kidogo. Unakutana na wangu mahali pamoja tu, pale Baba alipokuwa akiweka mguu wa kulia. Nikitaka kuswali nasimama hapo. Mguu mmoja unakanyaga mistari yote miwili, kisha nageuka kidogo, nyuzi kumi na moja, namwacha.