Jina Tumelihifadhi

Jumanne nilikuwa dukani mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, nikisubiri mafuta ya taa. Mwenye duka alikuwa akitusomea gazeti, moja ya haya mapya ya watu binafsi. Liliandika kuwa mpima chai wa kituo fulani cha kununulia majani anachezea mizani. Aliyefichua ni mkulima "ambaye jina tumelihifadhi, mjane, mwalimu wa kwaya, anayetembelea fimbo."

Duka zima liligeuka. Mama huyo alikuwa nyuma yangu, na fimbo yake.

"Ndaga, mama, umetusemea," mzee mmoja alimshukuru, huku akisogea mbali naye.

"Mwandishi aliniahidi," yule mama alisema. "Sasa kesho chai yangu nani ataipokea?"

Mpima ni yule yule.

Alhamisi nilimkuta akimwaga kikapu kizima cha majani ya chai kwenye shina la mgomba. Kituoni ameambiwa ni mabovu.

Wahariri wanalalamika kwamba siku hizi watu hawawaambii kitu. Msomaji, kwaya na fimbo nimevitunga mimi badala ya alama zake za kweli, mama huyu asitambulike mara ya pili. Kuvitunga kulinichukua muda mfupi kuliko kuchambua mchele.